Lori la Kaka Halikupanda Pugu

Gari lililokufa kabisa halimsumbui mtu. Unalisukuma kando, unaweka jiwe nyuma ya gurudumu, unakwenda zako. Linalosumbua ni lile lililotoka kwa fundi jana. Linawaka, linanguruma, ukilizungusha uwanjani unasema hili limepona, halafu ukilifikisha mlimani na mzigo mgongoni linasimama palepale, injini inapiga kelele na magurudumu hayana habari. Mie nimeendesha magari mpaka macho yenyewe yakanikataza, na sijaona ugonjwa wa gari unaomkondesha mtu kama klachi iliyotengenezwa ikakataa kupona. Iliyonikondesha mie ilikuwa ya lori la kaka yangu, Temeke, wakati wa Mwingereza, vita imekwisha na askari wetu wamesharudi kutoka Bama walikopigana na Mjapani.

Kwa asiyejua mambo ya magari nitamweleza kwa njia niliyoelezwa mie, maana shule yangu ilikuwa ya kuvizia, leo nipo darasani kesho nipo juu ya mnazi. Klachi ni kama watu wawili walioshikana viganja. Mmoja injini, mwingine magurudumu. Ukikanyaga pedali wanaachiana, ukiinua mguu wanashikana, gari linakwenda. Viganja vikiwa vikavu vinashikana barabara. Vikipata mafuta, hata wakazane vipi, ni sawa na kumshika kambare mkiani. Hilo ukilijua umejua klachi, mengine ni spana na jasho.

Lori lenyewe lilikuwa la jeshi. Vita ilipokwisha Wazungu waliyapiga mnada magari yao, mengine yana vioo, mengine hayana, rangi yote moja ya majani makavu. Kaka alikuwa mchukuzi Kariakoo. Alisukuma mkokoteni tangu ndevu hazijaota mpaka zikaanza kuingia mvi, na mabega yake yalikuwa yameinama mbele hata akiwa amekaa anakula. Hela ya lori haikutoka kwake. Ilitoka kwa mama. Mama alikuwa na shamba la minazi kule Mtoni, urithi wake kwa baba yake, lake mwenyewe, sisi wanawe tulikuwa wageni humo.

"Minazi imezeeka na mimi nimezeeka," alisema. "Uzeni. Nunueni kitu kinachotembea. Nataka nimwone mwanangu amekaa, hasukumi."

Tukauza. Aliyenunua alikuwa muungwana, akamwachia mama mavuno ya mwisho. Zile nazi alizirundika nyuma ya nyumba yetu Temeke, akazifunika makuti, na kila alipotaka kupika alichukua moja taratibu, kama mtu anayeiba yai chini ya kuku.

Hapa niseme habari ya mafuta ya mama, nisije nikasahau. Mama alikuwa anakuna nazi, anakamua tui zito, analiweka jikoni mpaka mafuta yanapanda juu, meupe, safi, yananukia mpaka barabarani. Wanawake walikuja kuomba ya nywele na ya kuwachua watoto wachanga. Na ya wagonjwa yalikuwa mbali. Hayo aliyapeleka kwa mwalimu wa chuo, anayasomea aya, anayatemea dua, yanarudi ndani ya chupa iliyozibwa kwa kibunzi cha mhindi. Mtoto akilia tumbo anapakwa tumboni. Mtu mzima akiugua goti anapakwa goti. Penye kilio ndipo panapopakwa, ndivyo tulivyolelewa, na mie mwenyewe sikio langu la kushoto lilipona kwa mafuta hayo baada ya daktari wa Kizungu kunipa maji ya rangi ya chai yasiyofaa kitu.

Dereva wa lori nilikuwa mie. Leseni nilipewa na Mzungu mmoja mwenye soksi ndefu. Alinipandisha kilima, akanisimamisha katikati, akashuka akaweka kiberiti chake nyuma ya gurudumu. Akasema ondoka, na kiberiti kikivunjika nenda nyumbani ukalime. Sikukivunja. Nimelisema hili kwa sababu watu baadaye walisema lori lilikataa kwa kuwa dereva hajui kutumia klachi. Uongo. Mguu wangu wa kushoto ulikuwa mwepesi kuliko wa fundi cherehani.

Sasa kazi. Kulikuwa na Mhindi mmoja wa Kariakoo, mwenye duka la jumla, ndugu zake wana maduka Kisarawe na huko mbele. Sukari, chumvi, mafuta ya taa, mabati, vyote vilitakiwa vipande mlima wa Pugu. Kaka alimjua kwa mkokoteni, alikuwa akimbebea magunia miaka yote. Tajiri yule akasema gari lako likipanda Pugu na mzigo kamili, mbele ya macho yangu, kazi ya msimu wote ni yako. Kaka alirudi nyumbani siku ile hakukaa chini. Alituambia akiwa amesimama mlangoni. Kazi hiyo ikishika, alisema, kitu cha kwanza ni kumnunulia mama shamba lingine, kubwa au dogo, akae kwenye minazi yake kabla hajafa. Mama alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Inshallah," akaendelea kuchambua, lakini nilimwona anatupa mchele na kubakiza chuya.

Klachi ya jeshi ilikuwa imekwisha, hilo tulilijua. Tukalipeleka lori kwa fundi, Chang'ombe, mtu aliyekuwa Bama akitengeneza magari ya vita. Alipenda kulisema hilo. Hata ukimuuliza njia ya kisimani angekwambia, "Sisi kule Bama..." Alifanya kazi uwanjani kwake, juu ya magunia, na kila spana aliyoishika aliibusu kwanza, mie sijui kwa nini na sikuwahi kumuuliza. Alishusha giaboksi, akatoa ile sahani ya klachi, akaipigilia ngozi nyingine. Tuliita ngozi, lakini ni kitu kigumu kama ubao uliosukwa kwa nyuzi, ndicho kinachoshika. Aliitoa kwenye lori jingine la jeshi lililokufa. Akabadilisha pia kile kidude kinachoisukuma klachi ukikanyaga pedali. Lori likatoka linaondoka bila mtetemo, laini kabisa.

Ila lilikuwa linalia. Kila nikikanyaga pedali, chini ya miguu yangu kinatoka kilio chembamba, kirefu, wiii, kama mtoto anayeamshwa usingizini. Fundi akasema kidude kipya hicho, kikisuguana kitanyamaza chenyewe, msikiguse.

Tukalileta nyumbani. Mama akatoka na kanga yake begani, akalizunguka lori, akalipapasa. Nikakanyaga pedali, likalia.

"Linaumwa wapi?" akauliza.

"Haliumwi, mama. Ndivyo lilivyo."

"Kitu kizima hakilii," akasema. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainama pale mlangoni akatega sikio chini ya pedali kama anavyosikiliza kifua cha mtoto. Sikuona ajabu. Ijumaa ile alikuja na chetezo, akalifukiza ubani nje na ndani, akafunga mlango, akasoma dua zake humo. Mama akiwa kwenye dua nani atamchungulia?

Tukaenda Pugu. Tajiri alitangulia na kigari chake mpaka Gongo la Mboto, akatungoja, tukapakia, akasema pandeni, mie nafuata. Nyuma kwenye magunia alikaa utingo wetu, mzee kuliko mie na kaka, Mzaramo wa Vikindu, kazi yake kuruka na kigingi cha mti kukiweka chini ya gurudumu tukikwama. Tulianza vizuri. Mwanzo wa mlima vizuri. Kwenye kona ya kwanza yenye udongo mwekundu injini ikapandisha sauti ghafla, nikadhani gia imechomoka. Haikuchomoka. Injini inakimbia, lori linapungua, linapungua, likasimama. Utingo akaruka na kigingi chake.

"Dereva!" akanipigia kelele. "Injini imeshafika Kisarawe, mbona sie tumebaki huku?"

Moshi ulikuwa unatoka chini ya mbao za miguu. Harufu ya kitu kinachoungua, kali, inaumiza koo. Na ndani ya ukali ule ilikuwemo harufu nyingine, tamu. Utingo akanusa, akatazama porini kulia na kushoto.

"Kuna mtu anakaanga maandazi hapa karibu."

"Njaa hiyo, mzee," nikamwambia.

"Mimi na njaa tunajuana. Hii maandazi."

Tajiri alishuka kwenye kigari, akatazama, hakukasirika. Akamwambia kaka, "Tengeneza, urudi. Mimi nangoja kidogo. Kidogo, lakini." Kaka alikuwa ameshika ubavu wa lori kwa mikono miwili kama analisukuma. Nadhani hakujua kwamba anafanya hivyo.

Fundi alianza na dogo. Alinikalisha kwenye usukani, akakaza breki ya mkono, akaniambia tia gia kubwa, pandisha moto, achia klachi. Klachi nzima ikiachiwa hivyo injini lazima izimike, maana gari limefungwa. Yetu haikuzimika. Iliendelea kuimba. "Inateleza," akasema fundi, kana kwamba hatujui. Akasema pedali imekazwa mno, haina nafasi ya kupumua, klachi haishuki mpaka mwisho. Akailegeza. Tukajaribu, injini ikazimika. Tukafurahi. Mama akafurahi, akasema lakini bado linalia, na Ijumaa akaingia na chetezo chake. Tukapanda Pugu, likakwama chini zaidi ya pale pa kwanza.

Fundi akasema springi zimechoka, za vita hizi, zimebeba mizinga. Akashusha giaboksi, akaiosha ile sahani kwa petroli, akaweka vibati chini ya kila springi zikaze. Likaenda siku mbili tatu barabara za tambarare bila neno. Pugu, likateleza. Akasema basi mafuta ya injini yanavuja kwa nyuma yanaingia kwenye klachi, akatia kamba iliyochovywa grisi kuziba. Kila mara sahani ilipotolewa ilikuwa imelowa, na kila mara fundi alisema, "Si mnaona? Injini." Aliiosha, akaianika juani, akaisugua msasa, akainyunyizia jivu la mkaa. Ngozi ikazidi kuwa nyembamba. Na mama kila lori likirudi limeshindwa alizidisha. Alipika mafuta mengine, alikwenda kwa mwalimu, alifunga Jumatatu na Alhamisi. Rundo la nazi nyuma ya nyumba lilikuwa linashuka na hatukuwa tunakula nazi kiasi hicho.

Mtaani nako watu hawakukosa maneno. Wengine walisema lori limetiwa kijicho, wakamtaja jirani mmoja maskini, mjane, aliyelitazama sana siku lilipokuja. Nani hakulitazama? Mtaa mzima ulilitazama, hata mbuzi. Yule mjane akawa anapita njia ya nyuma kwenda kisimani, asionekane karibu na lori letu. Mie iliniuma, lakini sikuwa na la kusema, maana ningesema ni klachi, wangeniuliza mbona haiponi.

Kipupwe kikaingia. Wakati ule kipupwe cha Dar kilikuwa kipupwe kweli, asubuhi unajifunika shuka mpaka masikioni. Tulilipeleka lori kwa fundi jua halijapata nguvu. Kaka alikuwepo, mie, na utingo ambaye hakuwa na pengine pa kwenda. Fundi akafunua ubao wa miguuni. Chini yake, juu ya ile nyumba ya chuma ya klachi, kuna tundu. Jeshi walikuwa na kifuniko chake, kikapotea huko huko vitani, sie tuliweka kipande cha gunia. Fundi akaondoa gunia, akaingiza kidole, akakitoa.

Kidole kilikuwa na kitu cheupe, kimeganda, kama samli.

Kila mtu wa pwani anakijua kitu hicho. Kila nyumba ina chupa ya mafuta ya nywele, na kila kipupwe asubuhi yameganda, unaiweka chupa juani ndipo yatoke. Mafuta ya injini ni meusi na hayagandi hata ukiyapeleka Lushoto. Fundi akanusa kidole. Akatoa kiberiti, akawasha kijiti chenye yale mafuta. Utingo akameza mate, tukasikia.

"Nilisema mimi," akasema. "Maandazi."

Fundi akamgeukia kaka. "Nani anakaanga humu?" Alikuwa anacheka. Halafu akaona uso wa kaka, akaacha. Akafuta kidole kwenye gunia, pole pole, akasema kwa sauti nyingine, "Kaka, lori hili halina ugonjwa. Linalishwa."

Tukarudi Temeke. Tulipofika aliniambia, "Mwambie wewe. Wewe ndiye kitinda mimba, kwako hakasiriki."

Nilimkuta mama anakuna nazi, amekaa kwenye mbuzi, mguu mmoja ameunyoosha. Nikamwamkia, nikakaa chini. Nikaanza kwa mbali, habari ya vyuma, habari ya viganja viwili. Alinisikiliza huku anakuna. Nikasema, "Sasa, mama, fundi anasema mafuta ni mabaya kwa klachi."

"Fundi huyu huyu?"

"Ndiyo, mama."

"Kalitengeneza mara ngapi?"

Nikaanza kuhesabu kwa vidole.

"Alisema pedali. Akasema springi. Akasema injini inavuja. Leo anasema mama." Akagonga kifuu kwenye ubao kutoa machicha. "Na dua ya mwalimu imeshaharibu nini katika nyumba hii? Sikio lako hilo linalomsikiliza fundi, nani alilitibu?"

"Wewe, mama."

"Mlango ukilia unatiwa nini?"

"Mafuta."

"Haya."

Nilirudi kwa kaka nikamwambia limenishinda. Siku hizi vijana wangefunga mlango wa gari kwa kufuli, mambo yakaisha. Sie tulilelewa kwamba radhi ya mama ndiyo paa la nyumba, na hakuna anayelala akiwa amelibomoa. Kisha lilikuwepo jingine, kaka ndiye aliyelisema. "Watu wakijua," alisema, "watasema kumbe mchawi wa lori ni mama mwenyewe. Kala shamba lake. Yule mjane walimfanyaje kwa kulitazama tu?"

Tukajaribu hila. Utingo alitoboa ubao upande wa pili, mbali na klachi, tukaweka mtungi mdogo chini yake, tukamwambia mama tundu ni hili sasa, fundi kalihamisha. Akamimina. Akaniambia kanyaga. Likalia. Akaniangalia. "Hayajafika," akasema, na akahamia mwenyewe kwenye tundu lake la zamani, akaondoa gunia, akamimina yaliyobaki. Utingo alikwenda kukaa nyuma ya lori akajifunika uso kwa kofia. Sijui alikuwa anacheka au vipi.

Fundi akaiosha sahani tena. Safari hii alituita tuione. Ngozi ilikuwa imebaki kama kucha, vichwa vya misumari vinakaribia kuonekana. "Sikilizeni," akasema. "Sina nyingine. Lile lori lililokufa nimelimaliza. Dukani hakuna, nimeuliza kwa Wahindi, nimeuliza bandarini, za Ulaya hazijaja. Hii ikiwa kavu itawapandisha Pugu, mkipata kazi mtangoja za Ulaya mkiwa mnakula. Ikilowa mkapanda nayo, itaungua mlima huo huo, na hapo hata mniletee lori juu ya kitanda sitaweza." Akaifunga, akaziba tundu kwa kipande cha debe, akakikaza kwa nati. Akamwambia kaka, "Nenda kwa tajiri leo. Usingoje Ijumaa."

Tajiri alisema kesho. Alisema hii ndiyo ya mwisho, kuna mtu wa Ilala mwenye lori jingine, na ndugu zake Kisarawe wameishiwa chumvi. Mzigo utakuwa Gongo la Mboto asubuhi.

Tukakubaliana tuondoke alfajiri, wakati mama yuko kwenye swala. Lakini safari kubwa kama ile huondoki bila kumuaga mzazi. Kaka alisimama nje ya mlango wa mama, amevaa kanzu yake safi, akangoja atoe salamu. Mie nilikuwa kwenye usukani. Injini ilikuwa inawaka. Moyoni nilikuwa nasema, kaka, muage tu, muage uje.

Mama akatoka naye ameshika chupa. Ile ya kibunzi. Mafuta yalikuwa yameganda, ilibidi aikumbatie kwapani yayeyuke.

"Nilijua mtaondoka mapema," akasema. "Nimekesha nayo. Mwanangu, haya ndiyo ya mwisho. Zile nazi zimekwisha, nimefagia mpaka makuti. Hii ndiyo Mtoni yote iliyobaki." Akamwinulia kaka chupa aione.

Kaka aliitazama ile chupa. Mie namtazama yeye. Nilisema, "Kaka, tajiri anangoja." Hakunisikia, au alinisikia. Alikuja upande wangu, akafungua mlango, akaniambia kwa upole, "Sogeza miguu." Akainua ubao. Akachukua spana mfukoni, sijui kwa nini alikuwa nayo, akafungua zile nati za fundi moja moja, akatoa kipande cha debe. Halafu akamshika mama mkono, akamsaidia kupanda.

"Mimina, mama."

Mama akamimina. Alikuwa anasoma dua kwa sauti ndogo na mafuta yanashuka kama uzi, hayakumwagika hata tone pembeni. Alipomaliza akaniambia, kanyaga. Nikakanyaga. Halikulia. Kwa mara ya kwanza tangu litoke kwa fundi halikulia kabisa. Mama akampaka kaka yale yaliyobaki kwenye vidole, kwenye paji la uso, akasema, "Nenda, radhi yangu unayo."

Toka Temeke mpaka Gongo la Mboto kaka alikaa pembeni yangu. Paji lake lilikuwa linang'aa. Mie nilitaka kumuuliza, kwa nini, lakini nilipofungua kinywa nilisema, "Baridi leo," naye akasema, "Ndiyo."

Tulipakia. Chumvi, sukari, mabati juu. Tajiri akafuata nyuma. Hata kona ya kwanza hatukuifikia. Injini ikapandisha ile sauti yake, lori likajikokota, na moshi ukaja, na ndani ya moshi ile harufu, safari hii nzito, kama asubuhi ya sikukuu nyumba nzima inapokaangwa. Nilikaa na mguu kwenye pedali ya mafuta nikijua naiunguza klachi. Nilijua na nikaendelea, maana kuinua mguu ni kuliacha lirudi nyuma na mzigo wa watu. Chini kitu kikaanza kukwaruza chuma kwa chuma. Misumari. Ndipo nikalizima. Utingo aliweka kigingi chake, na safari hii hakutania.

Tajiri alishuka. Alimtazama kaka muda mrefu, kisha akafanya jambo ambalo sikulitarajia, akampa mkono. Akamwambia, "Pole sana." Lori la Ilala lilifika, wachukuzi wakahamisha mzigo, kaka naye akashika gunia, akabeba na wao mpaka likaisha. Hakuna aliyemwomba.

Lile letu lilivutwa mpaka nyumbani, likawekwa ubavuni mwa nyumba. Ngozi za Ulaya zilipokuja zilikuwa za magari mengine. Fundi alikuja siku moja akalitazama, akaondoka bila kuingiza kichwa. Kaka alirudi Kariakoo kwenye mkokoteni. Wenzake walimpokea kwa kelele, "Tajiri karudi! Mpisheni bwana mwenye lori!" akacheka nao.

Mama hakuishi sana baada ya hapo. Macho yaliingia kiza, miguu ikavimba, tukawa tunamtoa barazani asubuhi na kumwingiza jioni. Alisema hasadi ya watu ilikuwa kubwa kuliko lori, lakini kile kilio alikitibu, hilo hakuna atakayemnyang'anya. Na Ijumaa, kaka akimuaga kwenda kazini, alikuwa akimwuliza.

"Linalia bado?"

"Halilii tena, mama."

"Nilikwambia mimi," anasema, anajifunga kanga vizuri. Kaka anainama, anashika mipini ya mkokoteni, anaondoka nao pole pole mpaka apite nyumba, mama asije akasikia gurudumu linavyolia.